Mjadala: Je, Kenya ikusanye seramu ya ng'ombe ya kukuzia chanjo?

Mleta hoja: Kuna pendekezo linalorudiwa sana hapa Nairobi, kwamba kwa kuwa ng'ombe huchinjwa Dagoretti kila siku, tujikusanyie wenyewe seramu, yale majimaji ya damu yanayobaki ikishaganda, ya kulishia seli ambamo virusi vya chanjo hukuzwa, badala ya kuiagiza ng'ambo kwa bei ya kuruka. Mimi nalipinga, na si kwa huruma peke yake, ingawa kudunga sindano kwenye moyo wa kijusi kilichotolewa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa si jambo la kupitwa kimya.

Kijusi hupendelewa kuwa chanzo cha seramu kwa sababu kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama. Damu ya ng'ombe mkubwa wa kwetu, ambako ugonjwa wa miguu na midomo haujaisha, huenda ikawa na kingamwili dhidi ya virusi vilevile ambavyo mtengeneza chanjo anataka vizaane, na ni lazima zitolewe kwanza. Hata kijusi nacho si salama kabisa, kwani virusi vya kuhara kwa ng'ombe huvuka kondo hilo na kukifikia. Kisha kila fungu la seramu lina tabia yake. Niliwahi kufungua chupa ya fungu jipya, lebo ileile, kipimo kilekile cha asilimia 10; siku ya tatu seli zilikuwa zimejikunja, zimebanduka, zinaelea kwenye midia, yaani maji ya lishe yao, ya rangi ya waridi, kama makapi ya mchele unaooshwa.

Seli za BHK, zilizotoka kwenye figo la hamsta, zimekwisha kuzoezwa kuzaana bila seramu. Vivyo hivyo seli za Vero, za figo la tumbili. Tuanzie hapo.

Mchangiaji: Daktari, kuhusu kingamwili sina ubishi, ila historia umeiruka. Chanjo ya sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ambayo daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake waliiunda hapa Kenya, Muguga, ilikuzwa kwenye seli za figo za ndama, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani. Tena chanjo iliyosajiliwa haibadilishiwi midia kama mtu anavyobadili mafuta ya kupikia. Inabidi kuthibitisha upya kwamba ni ileile, na gharama hiyo itamwangukia mfugaji. Na ukishaiondoa seramu, bado una tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli kwenye chombo, ambayo kwa desturi hutoka kwenye kongosho la nguruwe. Waumini nao watauliza.

Mleta hoja: Watauliza, na wana haki. Ipo tripsini inayotengenezwa na vijidudu, japokuwa seramu ndiyo iliyokuwa ikiizima baada ya kazi yake, kwa hiyo bila seramu utahitaji kizuizi, mara nyingi cha soya. Kuhusu usajili nakubali: chanjo za zamani zibaki na midia yake. Ninachokataa ni kiwanda kipya kuanza kwa kujenga chumba cha kukusanyia damu kichinjioni, ilhali seli zake bado zimelala zimegandishwa kwenye naitrojeni.