Mkojo una bakteria, mzee hana dalili: apewe dawa kabla ya upasuaji wa tezi dume?

Mwana wa Pongwe: Wakuu, baba anasubiri upasuaji wa tezi dume, ule wa kupitia njia ya mkojo. Ana mpira wa kutolea mkojo tangu mwezi uliopita. Mkojo umeoteshwa maabara, bakteria wapo, ila hana homa wala maumivu. Daktari mmoja kasema dawa lazima, mwingine kasema asiye na dalili hatibiwi. Tushike lipi?

Sista Zai: Asiye na dalili kweli hatibiwi, hata akiwa mzee au ana kisukari. Ila wajawazito wanatibiwa, na anayeingiziwa vifaa vinavyochubua njia ya mkojo pia, maana pakichubuka bakteria wanapita kwenye damu. Mwongozo wa 2019 wa IDSA, chama cha wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani, unataka dozi moja au mbili tu, kwa dawa iliyoonekana kufaa maabara. Shida wazee wengi wanaletwa wameshaoza na mipira, ndugu wamewasahau.

Kipara Ngoto: Wamewasahau? Baba mdogo aliahirishiwa tarehe mara kibao, usiku sisi ndio tunamwaga mfuko. Chunga kauli, dada.

Mama Neema: Na neno "kuoza" kwa mzazi wa mtu! Unavaa sare kweli wewe?

Msema Kweli: Mimi naogopa hizo dawa. Sipro, ile dawa ya kuua bakteria, inaliwa kama pipi mtaani, bakteria aina ya E. coli wameshaizoea. Siku ya homa ya kweli mzee atatibiwa na nini?

Sista Zai: Ndiyo maana nikasema dozi moja au mbili, siyo wiki nzima. Mpira kila siku unaongeza uwezekano wa bakteria, mwezi ukitimia karibu kila mwenye mpira ana bakteria. Ongeza mawe, kisukari, upasuaji uliochukua muda mrefu, hapo hatari inapanda.

Kipara Ngoto: Sasa umesema mpira. Mwanzo ulisema ndugu.

Mwana wa Pongwe: Jamani, baba yangu. Mkojo wa kupima waliutoa kwenye mfuko wa mpira.

Sista Zai: Kwenye mfuko?! Huo umelala humo, bakteria wamezaliana, majibu hayo hayafai. Mpira ubadilishwe kwanza, mkojo utoke kwenye mpira mpya, uoteshwe upya kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Mwambie daktari leo.

Mama Neema: Na mpira mpya, na kipimo cha pili, wanalipa ndugu hao hao. Kauli yako ya juu hujaifuta, Zai.