Naombeni ushauri: nimepewa skana ya redio ya zamani, nianzie wapi?

MwanaKizota
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, Kizota. Mjomba wangu amestaafu ubaharia, kanipa skana yake ya mkononi (redio inayopekua masafa mengi kutafuta wanaoongea), Uniden Bearcat ile ya chaneli 200 kwenye mabenki 10, yaani makundi ya chaneli. Kijitabu chake kimechanika, ila ukurasa mmoja umebaki, unasema inapokea megahezi 29–54, 118–174, 406–512 na 806–956.

Fundi kaniwekea betri mpya za kuchaji, ikawaka. Shida ni kwamba inatoa shhhh tu. Nimetafuta TBC Taifa, nimetafuta FM zote za hapa mjini, sipati hata moja. Fundi anasema sehemu ya kupokea imeungua, anataka elfu arobaini abadilishe kapasita zote. Mtaani nao wananiambia ikipona nitasikia polisi na simu za watu. Naipenda sana hii mashine na sitaki kuiharibu. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

FundiMakole
Mkuu, hiyo elfu arobaini kaa nayo kwanza. Angalia tena huo ukurasa wako: inatoka 54 inarukia 118. Redio za FM zinakaa kati ya 88 na 108, kwa hiyo TBC hutaipata humo hata ukeshe. Haijatengenezwa kwa muziki na taarifa ya habari.

Halafu hiyo shhhh ni dalili ya uzima. Kuna kile cha kuzungusha kimeandikwa SQUELCH. Kirudishe nyuma mpaka kelele ijae, kisha kipeleke mbele taratibu hadi inyamaze, uishie hapo hapo. Ukizidisha, unafunga mlango hata kwa wanaoongea kwa mbali. Skana inaruka chaneli hadi chaneli pale tu ikiwa kimya. Kelele ikibaki wazi, inadhani imepata mtu, inasimama hapo.

Mzee wa Ilazo
Kijana, kabla hujaenda mbali. Simu za siku hizi ni za kidijitali na zimefungwa kwa siri, skana ya zamani haitoi neno la mtu humo. Na polisi, jeshi, ulinzi, achana nao kabisa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kudaka mawasiliano ya watu bila mamlaka, na kuyasambaza pia. Usirekodi ukatupia kwenye magrupu. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapo hapo Dodoma. Nenda na hiyo mashine mkononi, waulize unaruhusiwa kusikiliza nini na kama inahitaji kibali. Ni swali la kawaida na utarudi na amani.

MwanaKizota
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, Jumatatu naenda. Wakiniruhusu, basi nianze na nini?

Mzee wa Ilazo
Marahaba. Waulize kuhusu ndege na redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa redio kama burudani yao. Wakisema sawa, anza na ndege, zinamfundisha mtu haraka kuliko kitu kingine.

AntenaNdefu
Naunga mkono mzee. Maongezi ya marubani yako kati ya 118 na 137, kwa AM, namna ya kubeba sauti tofauti na FM. Bearcat hiyo inageuka yenyewe kwenda AM ikifika humo, huna haja ya kubonyeza chochote. Kwenye Bearcat nyingi unaweka hivi: MANUAL, andika 118, LIMIT, andika 137, LIMIT, kisha SEARCH. Iache itembee. Ikisimama kwenye sauti, andika namba kwenye daftari pamoja na saa. Baadaye uiingize kwenye chaneli: MANUAL, namba ya chaneli, MANUAL, namba ya masafa, halafu E. Weka na 121.5, ni ya dharura dunia nzima. Itakaa kimya karibu muda wote na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa sikiliza hili maana watu wengi hukata tamaa hapa. Mawimbi haya yanasafiri yakinyooka. Mnara ulio mbali chini huusikii, ila ndege iliyo mita 11,000 inasikika kilomita zaidi ya 400. Ukiwa Dodoma unaweza kumsikia rubani aliye juu ya Morogoro na usimsikie kabisa anayemjibu kutoka Dar. Utapata upande mmoja wa maongezi, na skana yako ni nzima.

Antena: gawanya 75 kwa megahezi, unapata robo ya wimbi kwa mita, ndio urefu wa antena. Kwa 127 ni kama sentimita 59. Kile kijiti cha mpira kilichokuja nayo ni kifupi mno. Tafuta ya kuvuta, ivute kiasi hicho, isimame wima.

FundiMakole
Naongezea kuhusu umeme. Usinunue adapta yoyote tu pale sokoni. Zilizokuja na skana za Marekani ni za volti 120, ukichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapo hapo. Karibu na tundu la skana pana alama ndogo ya kiduara inayoonyesha plasi iko katikati au nje. Adapta ifanane na alama hiyo na volti zilizoandikwa. Na usichomeke kamwe kama ndani umeweka betri za kawaida zisizochajiwa, zitavuja au kupasuka.

MwanaKizota
Wakuu, mrejesho. TCRA wamenipokea vizuri, wamenielekeza cha kufanya. Jana nimekaa ndani kwenye 118–137, kelele tupu, inasimama sehemu kibao hakuna mtu.

AntenaNdefu
Zima chaja za simu, king'amuzi, taa za LED na kile kidude cha sola. Vyote hivyo vinatoa uchafu kwenye masafa hayo. Au toka na betri, simama uwanjani.

MwanaKizota
Nimetoka hadi uwanja wa shule, kumetulia kabisa! Nimemsikia rubani, Kiingereza cha haraka, kataja urefu aliopo angani na dakika za kufika. Baada ya muda nikaiona ndege yenyewe inashuka. Nimefurahi sana jamani. Redio za ridhaa je?

Mzee wa Ilazo
Hongera mwanangu. Zao ni 144 hadi 146, na majina ya kuitana hewani ya Tanzania yanaanza na 5H. Hapa kwetu ni wachache, kwa hiyo weka na 145.800, kituo cha anga cha kimataifa hurusha sauti hapo. Tafuta mtandaoni muda kinapopita juu ya Dodoma. Kila pito ni dakika kama kumi, na wanaanga hawaongei kila mara, ila siku wanazojibu maswali ya wanafunzi utawasikia. Vuta antena sentimita 51, fungua SQUELCH yote, na usihangaike kubadilisha namba kituo kikisogea. Skana yako inapokea upana wa kutosha.