Cron inatuma meseji kila siku badala ya Jumatatu ya kwanza tu, msaada wakuu

mgeni_wa_seva:
Wakuu habari za kazi. Nimeachiwa seva ya saccos moja hapa Moro, jamaa aliyeiseti kashaondoka na simu hapokei. Kuna skripti ya kukumbusha wanachama marejesho, inatakiwa iende Jumatatu ya kwanza ya mwezi saa mbili asubuhi. Kwenye crontab (faili la ratiba ya cron, ile programu ya kuendesha kazi za seva kwa saa zilizopangwa) nimekuta hivi:

`0 8 1-7 * 1 /opt/saccos/kumbusha.sh`

Nikiisoma naona iko fresh, dakika sifuri, saa 8, tarehe 1 mpaka 7, mwezi wowote, Jumatatu. Sasa mbona meseji zinaenda kila siku wiki ya kwanza, halafu tena na Jumatatu zote zilizobaki, na zinaingia saa tano asubuhi?? Wanachama wamenuna, aliyekwisha lipa anaona anadaiwa upya, na salio la SMS linaisha tu.

nyota_tano:
Umeisoma vizuri mkuu, ila cron haisomi hivyo. Dakika, saa na mwezi lazima vyote vitimie kwa pamoja, lakini tarehe na siku ya wiki ukizijaza zote mbili, hapo inakuwa "au". Yaani iwe tarehe 1-7 AU iwe Jumatatu, chochote kikitimia inafyatua. Ndo ilivyo toka zamani na imewaliza wengi. Acha nyota (*, yaani "yoyote") kwenye siku ya wiki, Jumatatu uiangalie pembeni:

`0 8 1-7 * * [ "$(date +\%u)" -eq 1 ] && /opt/saccos/kumbusha.sh`

Usisahau hiyo \ kabla ya %, maana cron ikikuta % tupu inakata mstari hapohapo.

Bi_Terminal:
Na saa tano ni kwa sababu seva iko UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko masaa matatu mbele. 08:00 yao ni 11:00 yetu. Andika 5 badala ya 8. Piga amri ya `date` kwenye seva uhakikishe saa yake kwanza.

kijiti_kavu:
Si abadilishe tu taimzoni ya seva, `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, anarestati cron biashara imeisha

Bi_Terminal:
Kwenye seva ya kurithi? Hapana, mdogo wangu. Hujui humo kuna kazi ngapi zilizopigiwa hesabu ya UTC, ukigusa zote zinahama. Kama Linux yake ni Red Hat au CentOS aweke `CRON_TZ=Africa/Dar_es_Salaam` juu ya mstari wake, lakini nayo inashika mistari yote iliyo chini yake kwenye faili hilo, kwa hiyo auweke mwisho kabisa.

mgeni_wa_seva:
Asanteni sana, nimebadilisha kama alivyosema nyota_tano na saa nimeweka 5. La mwisho, bakapu nataka iende saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo natoa matatu kwenye 2... inakuwa -1??

nyota_tano:
😂 Inarudi nyuma siku moja. Saa nane usiku kwetu ni 02:00, UTC inakuwa 23:00 na bado ni Jumapili, kwa hiyo na siku ya wiki inabadilika:

`0 23 * * 0 /opt/saccos/bakapu.sh`

Jumapili ni 0, na 7 pia inakubali. Mwisho wa mstari ongeza `>> /var/log/bakapu.log 2>&1`, ikigoma usome imegomea wapi.