Naomba ushauri: Magic Kingdom na mtoto wa miaka 4 anayeogopa giza

Habari za leo wadau, na shikamooni wakubwa. Tunampeleka binti wa miaka 4 Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney kule Orlando, Marekani. Ana urefu wa sentimita 99. Kasi haimtishi hata kidogo. Kinachomliza ni giza na kelele za ghafla.

Vipimo vya urefu vya mlangoni ndivyo vinavyonichanganya. Kuna vitreni viwili vya kasi: Barnstormer wanataka angalau sentimita 89, Seven Dwarfs Mine Train 97, kwa hiyo zote anaruhusiwa. Lakini kipimo kile ni cha usalama, ili chuma cha kiti kimshike vizuri. Woga hakipimi. Haunted Mansion (jumba la mizimu) haina kipimo kabisa, hata kichanga anaingia, na ndiyo yenye chumba kinachorefuka, taa zinazimika ghafla na mtu anapiga ukelele! Pirates of the Caribbean nayo haina kipimo, ila mashua inaporomoka gizani.

Tumemwonyesha video za waliopanda, kwanza bila sauti, kisha na sauti. Barnstormer anaicheka tu. Mine Train ilipoingia mgodini akaficha uso. Vifunika masikio vya kupunguza kelele anavivaa bila ugomvi. Rider Switch tunaijua (mzazi mmoja anabaki na mtoto, kisha wanapokezana bila kupanga foleni upya), hivyo halazimishwi.

Naombeni mnisaidie haya:

Mine Train ajaribu mara tu akitoka Barnstormer, au tuiache kabisa safari hii?

Na Haunted Mansion, wahudumu wakiombwa hukubali kumpitisha mtoto pembeni bila kuingia chumba kile?