Miamba miwili jirani huku Tanga, mbona samaki wake tofauti kabisa?

mshipi_sahare:
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mwenye uelewa anisaidie hili maana limenikaa kichwani muda mrefu. Mie navua mshipi na madema (mitego ya kusuka) huku Tanga, upande wa visiwa vya Yambe na Karange. Kuna miamba miwili iko jirani kabisa, ukiwa kwenye ngalawa yote unaiona, kina karibu sawa na maji ni yaleyale. Wa kwanza ukishusha mshipi unatoka na chewa, changu, kelea, na kolekole wanapita kwa makundi. Wa pili ni kangaja na visamaki vya rangi rangi, ukibahatika mkundaji pembeni kwenye mchanga, basi.

Nikavaa miwani nikazama kuangalia. Huo wa pili una matumbawe hai kabisa lakini umekaa flati, na katikati kuna eneo kubwa la vifusi, vipande vyembamba vimelala tu chini, wazee wanasema enzi za uvuvi wa baruti palipigwa sana. Ule wa kwanza matumbawe mengi yamekufa, ila una mapango, nyufa, na upande mmoja umeshuka kama ukuta. Sasa samaki anafuata nini, uhai wa tumbawe au umbo la mwamba? Nauliza pia kwa sababu kikundi chetu kina wazo la kuzamisha matofali ya zege au tairi kuukuu pale kwenye vifusi, na hela yenyewe ni ya kuchangishana.

kusi_na_kaskazi:
Swali zuri sana mkuu. Jibu ni vyote viwili ila inategemea samaki gani. Vitatange wengi wanakula tumbawe hai lenyewe, likifa na wao wanapotea mapema. Lakini chewa, changu, kelea hawali tumbawe, wao wanataka pa kujificha, pa kuvizia na pa kupumzika mkondo ukikaza, hata kama mwamba umekufa ilimradi bado umesimama.

Ushelisheli ilionekana wazi kabisa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali, lile lile lililopita mpaka huku kwetu, na visiwa vyao vya ndani vilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai. Mwanzoni mifupa ya matumbawe ilikuwa bado imesimama kwa hiyo samaki wengi walibaki, ukiacha wale wanaotegemea tumbawe hai. Miaka ikaenda, mifupa ikaliwa na mawimbi na viumbe wanaotoboa, ikaporomoka, hapo ndo samaki wakapungua kwelikweli, hasa wadogo na makinda, na makinda wakikosa pa kujificha leo ujue wakubwa wa kesho hawapo. Baadaye watafiti wakaifuatilia miamba 21 ya hukohuko, 12 ikarudi na 9 ikamezwa na mwani. Kilichotofautisha sana ni kina cha maji na umbo: iliyokuwa na kina zaidi na migongo migongo ndo iliyorudi kwa wingi.

Halafu ukubwa wa tundu ni kitu watu wanakidharau. Kwenye visiwa vya Virgin huko Karibi watafiti walijenga miamba ya matofali, mingine ina matundu makubwa, mingine madogo, mingine haina kitu. Yenye matundu makubwa ilipata samaki wakubwa wengi zaidi, yenye madogo ikajaza wadogo, isiyo na tundu ikapata wachache zaidi. Samaki anataka tundu linalomtosha yeye na lisilomtosha anayemuwinda. Ukizama usiku na tochi kwenye huo mwamba wako wa kwanza utamkuta pono amelala ndani ya ufa, wengine wamejifunika ute mwili mzima, sasa pono wa kilo mbili kwenye mwamba wa flati atalala wapi?

Ukitaka kulinganisha miamba yako chukua mnyororo, ulaze chini ukifuata kila shimo na kila nundu, halafu pima kwa kamba iliyonyooka umbali wa mwanzo hadi mwisho wa mnyororo. Mnyororo ukiwa mrefu sana kuliko kamba basi mwamba una umbo. Ndivyo wapimaji wa miamba wanavyofanya, vifaa vya bei kubwa sio lazima.

fundi_mashua_bgy:
Niongezee kidogo nikiwa Bagamoyo. Umbo linafanya kazi na maji pia. Mkondo ukigonga ukuta unapanda juu na kuleta chakula kidogo kidogo kinachoelea, ndo maana visamaki wala chakula hicho wanajipanga ukingo ule unaotazama mkondo na kolekole wanakuja kuwafuata hao. Flati haina hilo. Ila umbo peke yake halitoshi, huku kwetu mito ya Ruvu na Wami inamwaga tope, mvua za masika maji yanakuwa kahawia, na tope likitulia juu ya matumbawe linayasonga hata mwamba uwe mzuri vipi. Nyie kama maji yenu ni safi mna bahati.

Na umbo ni mpaka chini kilindini jamani. Silikanti, yule samaki wa kale mnayesifiwa naye huko, anashinda mchana kwenye mapango ya miteremko mirefu, usiku ndo anatoka kuwinda. Nyavu za majarife za kina kirefu ndo zilikuwa zinawanasa.

mshipi_sahare:
Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa vizuri. Sasa vipi kuhusu vifusi, havitajijenga vyenyewe? Na tairi?

kusi_na_kaskazi:
Vifusi ndo tatizo kubwa mkuu. Vitoto vya tumbawe vinatua juu yake vizuri tu, ila bamvua (maji makubwa ya mwezi) ikija na mkondo wake vile vipande vinabiringika, vitoto vinasagwa au vinafukiwa, mwakani tena hivyohivyo. Eneo lililopigwa baruti linaweza kukaa miongo bila kurudi. Kwa hiyo kuweka kitu kizito kisichosogea ni wazo la maana.

Tairi achaneni nalo kabisa! Florida huko Marekani miaka ya 1970 walizamisha kama milioni mbili, kamba zikakatika, tairi zikatembea na kuuvunja mwamba wa asili wa jirani. Tumieni zege au mawe makubwa, yapangwe yaache matundu ya saizi tofauti, msijenge sanduku laini. Na Yambe na Karange ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo mkaongee na wasimamizi wake kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa simenti. Kingine, kubalianeni mapema mtapumzisha pale mahali muda gani, maana samaki wa pembeni watahamia hapo haraka na mkiwavua wote mtakuwa mmewakusanya tu mkawamaliza.

mama_pweza_kigombe:
Kaka yangu wa Sahare, sisi wa pweza tunalijua hili kwa miguu. Maji yakipwa bamvua tunatembea mwambani, tundu lenye pweza unalijua kwa magamba ya kaa na vijiwe alivyovipanga mlangoni. Ukimtoa taratibu kwa ncha bila kuvunja, baada ya siku chache anaingia mwingine palepale. Wanaokuja na nondo wakabomoa jiwe lote wanapata pweza mmoja, na tundu hilo halipangishwi tena. Mie mabinti ninaotembea nao nawaonyesha tundu kwanza, pweza baadaye, na kila mmoja ana matundu yake anayoyarudia. Mkipanga hayo mawe yenu msisahau matundu madogo ya chini karibu na mchanga, pweza hapendi kupanda juu.