Donati za kikaangio cha hewa bila donge la mkebeni: naomba ushauri

Nnyabo wa Ntinda

Ndugu zangu, salaam. Watoto wa nyumbani wameniomba donati, nami ninacho kikaangio cha hewa (air fryer), kile cha umeme kinachooka kwa hewa ya moto, ambacho ningependa kukitumia badala ya kuinjika karai lenye lita nzima ya mafuta. Maelekezo mengi ninayoyasoma yanatoka Marekani, na karibu yote yanaanza kwa kumwambia mpishi afungue mkebe wa donge tayari la unga, lile linalouzwa kwenye majokofu ya maduka yao, atoboe tundu katikati ya kila kipande, kisha aoke kwa dakika tano. Hapa Kampala sijaliona donge hilo katika duka lolote ninaloingia. Naomba kujua lina nini ndani yake, na ni kitu gani ninachoweza kukanda mwenyewe ili kazi ibaki nyepesi. Mnieleze pia kama donati hizo hufanana kweli na zilizokaangwa, kwa kuwa nisingependa kuwaahidi watoto donati kisha niwape mkate wenye tundu.

Mpishi wa Bombo

Dada, donge hilo la mkebeni kwa kawaida huumuliwa kwa beking pauda wala si kwa hamira, ndiyo maana Wamarekani humaliza kazi upesi. Ukilikanda mwenyewe, litakuchukua muda usiozidi ule wa kukanda chapati, na pengine pungufu, kwa sababu halitaki kukandwa sana.

Chukua unga wa ngano gramu 250, yaani takriban vikombe viwili, uchanganye na vijiko vitatu vya chai vya beking pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko vitatu vya chakula vya sukari. Ukipenda iliki, itie hapo. Kata gramu 60 za siagi iliyo baridi, uifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko uwe kama chenga, kisha mimina maziwa baridi au mtindi mililita 150 kidogo kidogo, ukiacha mara tu unga unaposhikana. Donge liwe laini na linate kidogo mkononi, kwa maana ukiongeza unga ili lisikusumbue, donati zitakuwa kavu hata kabla hazijaingia kwenye kikaangio. Lisukume hadi unene wa sentimita moja na nusu, ukate kwa mdomo wa glasi, na tundu la katikati ulitoboe kwa kizibo cha chupa ya soda kilichooshwa vizuri.

Washa kikaangio kwenye nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika tatu kikiwa kitupu. Paka kila donati siagi iliyoyeyushwa, juu na chini, uzipange bila kugusana, uoke kwa dakika tatu, uzigeuze, kisha uoke kwa dakika mbili au tatu nyingine. Mara ya kwanza, oka moja peke yake, kwa kuwa vikaangio havilingani kwa ukali. Vile vipande vidogo vya katikati huiva mapema zaidi, na kwangu huwa vimekwisha kabla sahani haijafika mezani.

Bibi wa Arua

Maelezo ya mwenzangu ni sahihi kwa mtu mwenye haraka, ila mimi sikubali kwamba hizo ni donati. Ni skonzi zenye tundu, tena skonzi nzuri. Mwanangu, ukitaka donati yenye ndani laini inayovutika, hamira haina mbadala. Unga gramu 500, hamira ya chembechembe gramu 7, sukari gramu 60, chumvi kijiko kimoja cha chai, yai moja, siagi laini gramu 60, na maziwa ya vuguvugu mililita 250. Nasisitiza vuguvugu, maana maziwa ya moto huua hamira. Kanda mpaka donge liwe nyororo, ulifunike kwa saa moja au zaidi hadi liongezeke maradufu, ukate, kisha uviache vipande viumuke tena kwa nusu saa. Hatua hii ya pili ndiyo ambayo watu huiruka, halafu wanakilaumu kikaangio. Oka kwenye nyuzi 180 kwa dakika nne au tano, ukigeuza mara moja.

Walio Kabale na kwingineko kwenye baridi wanaweza kuliweka donge ndani ya kikaangio kilichozimwa pamoja na kikombe cha maji ya moto, likaumuka humo bila shida.

Kuhusu swali lako la kufanana, jibu ni kwamba hazifanani kabisa. Mafuta ya moto hugusa donge pande zote kwa mara moja na kulipa ganda, ilhali hewa hulikausha taratibu. Kinachopunguza tofauti hiyo ni siagi ya kupaka na muda mfupi, hivyo usisubiri rangi ya andazi la karaini, kwani ukiisubiri utatoa kitu kikavu.

Fundi wa Jinja

Naongeza la umeme tu. Ikiwa kikaangio chako kimeletwa na jamaa kutoka Marekani, soma kibandiko chake kabla ya kukichomeka. Kikiandikwa volti 120, hakifai kwenye soketi zetu za volti 240, na kubadilisha plagi peke yake hakutakiokoa. Kile cha wati 1,500 kikifanya kazi kwa dakika sita hutumia takriban yuniti 0.15 za Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, kwa hiyo mikupuo minne haifikii yuniti moja. Kichomeke ukutani moja kwa moja, wala si kwenye waya mwembamba wa kuongezea uliokwisha kubeba birika na jokofu.

Nnyabo wa Ntinda

Nawashukuru sana. Shikamoo Bibi, nitaanza na za Mpishi kwa siku ya shule, na za hamira nitazingojea Jumamosi. Nimebakiwa na maswali mawili: je, nitandaze karatasi ya kuokea chini, na rojo lile jepesi la kumimina linaweza kutumika?

Mpishi wa Bombo

Rojo halifai, kwa sababu litapita kwenye matundu ya kikapu kabla halijashika, isipokuwa uwe na vibati vidogo vya silikoni. Karatasi inafaa ikiwa tu donati zimeikalia. Ukiiweka peke yake wakati wa kupasha moto, feni huinyanyua hadi kwenye waya wa joto nayo ikaungua. Epuka pia mafuta ya kopo ya kupuliza, ambayo huharibu utando wa kikapu.

Bibi wa Arua

Marahaba, mwanangu. Sukari yenye mdalasini ipake zikiwa moto, mara tu baada ya kuzipitishia siagi tena. Ile ya kung'aa, yaani kikombe kimoja cha sukari ya unga na vijiko viwili vya chakula vya maziwa, ingoje zipoe. Donati uzile siku hiyohiyo, na zikilala, zirudishe kwenye nyuzi 150 kwa dakika mbili, isipokuwa zilizokwisha kupakwa sukari ya kung'aa, kwa maana itayeyuka yote na kuganda chini ya kikapu.