Kupiga picha mkutano mkuu wa taifa wa chama: naomba uzoefu wenu

Mpigapicha wa Ngamiani, Tanga

Waungwana, salamu. Mimi ni mpigapicha mnato hapa Ngamiani, na riziki yangu hutoka zaidi kwenye harusi, mahafali na vikao vya madiwani. Safari hii mhariri wa gazeti moja la mtandaoni amenitaka nifuatane na wajumbe wa mkoa wetu hadi Dodoma, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa chama chao, na kibali cha kuingia ukumbini kimeshapatikana. Nina kamera moja na lenzi mbili, 24-70 ya karibu na 70-200 ndefu ya kuvuta vya mbali. Ninaomba kujua kutoka kwa waliokwisha kuifanya kazi hii mahali panapofaa kukaa, na namna ya kuzikabili taa za ukumbi mkubwa wenye skrini nyuma ya jukwaa, kwa kuwa nimeona picha nyingi za mikutano hiyo zikiwa na milia ya giza.

Mdau wa Chumbageni

Kaka, nianze na taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Ukipiga kwa 1/100 au 1/50 ya sekunde, kila picha hupokea mpigo mzima wa mwanga na milia haitokei. Ukipanda hadi 1/500, sehemu ya picha huangukia wakati taa imefifia, na hapo ndipo milia inapozaliwa. Kwa bahati mbaya, mzungumzaji anayerusha mikono hawezi kutoka vizuri kwa 1/100. Kamera nyingi za miaka ya karibuni zina kipengele cha kuzuia athari ya kupepesa, nawe ukikiwasha unaweza kufanya kazi kwa 1/250 na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 bila wasiwasi mkubwa. Skrini ina mpigo wake usiotegemea umeme wa ukumbi, kwa hiyo ijaribu kwa kasi mbalimbali mapema, kabla mgeni rasmi hajaingia.

Skrini hiyohiyo hukidanganya kipimamwanga, na uso wa mzungumzaji hutoka mweusi usiosomeka. Pima mwanga usoni mwake, skrini iache itoke nyeupe kupita kiasi. Kama ukumbi mzima umevaa kijani na njano, rangi hizo hurudi kwenye mashavu ya watu, nami sijaona dawa bora kuliko kupiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) na kusahihisha baadaye. Flashi iache nyumbani.

Mwanahabari wa Bagamoyo

Kuhusu taa sina la kuongeza. Kuhusu mahali pa kukaa, ninakusihi usigombanie nafasi mbele ya meza kuu. Picha ya mwenyekiti akipunga mkono mhariri wako ataipata bila gharama, kwa sababu wapigapicha wa chama wataisambaza kabla wewe hujafungua kompyuta. Asichoweza kukipata kwingine ni sura ya mjumbe wa Pangani au wa Mkinga wakati jina la mgombea linapotajwa. Kwa kawaida wajumbe huketi kimkoa, basi litafute bango la Tanga asubuhi, ujue njia za kufika hapo bila kumziba mtu, kisha ukae na lenzi yako ndefu.

Ratiba nayo isikufunge. Mkutano mkuu maalumu wa CCM wa Januari 2025 uliitishwa kujaza nafasi ya makamu mwenyekiti wa Bara iliyoachwa na Abdulrahman Kinana. Stephen Wasira alichaguliwa siku ya kwanza, na mtu angeweza kudhani kwamba habari imekwisha. Kumbe siku ya pili, tarehe 19, wajumbe walipitisha azimio la kumteua Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea urais. Siku mbili baadaye CHADEMA walikutana Mlimani City, Dar es Salaam, shughuli ya kura ikakesha, na matokeo yaliyompa Tundu Lissu kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe yakatangazwa asubuhi ya tarehe 22. Beba betri za akiba, na chakula pia, maana kutoka ukumbini kutafuta wali ni kujitakia kurudi nyuma ya foleni ya ukaguzi.

Mzee wa Korogwe

Vijana wameeleza vizuri, lakini wameuanzia mkutano katikati. Kabla ya mkutano mkuu hukaa Kamati Kuu na Halmashauri Kuu, na huko wapigapicha huruhusiwa dakika chache za ufunguzi kisha huombwa kutoka. Julai 2015 majina ya waliotaka urais kupitia CCM yalichujwa hadi matano, kisha matatu, katika vikao hivyo. January Makamba, aliyekuwa mbunge wa Bumbuli huku kwetu, alikuwamo katika watano na hakuwamo katika watatu. Kwa msomaji wa Tanga, habari kubwa ilikuwa imemalizika kabla John Magufuli hajapitishwa tarehe 12. Kwa hiyo fika mapema, usimame pale wajumbe wanapotokea, kwa sababu mtu aliyetoka kusikia jina limekatwa hajapata bado muda wa kuipanga sura yake.

Mpigapicha wa Ngamiani, Tanga

Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Limebaki moja: katika umati ule, majina ya wajumbe nitayaandikaje bila kukosea, ilhali wengi siwafahamu?

Mwanahabari wa Bagamoyo

Muombe katibu wa mkoa orodha ya wajumbe kabla ya kuondoka, pamoja na wilaya na wadhifa wa kila mmoja. Kama unasafiri nao kwenye basi moja, njia ya Segera, Chalinze na Morogoro ni ndefu kiasi cha kukutosha kumpiga kila mjumbe picha ya uso akiwa ameshika karatasi yenye jina lake, na picha hizo ndizo utakazolinganisha nazo usiku ukiandika maelezo. Pale utakapobaki na shaka, andika "mjumbe kutoka Tanga" na umweleze mhariri sababu.